Kilo Mbili na Nusu

Jumatatu, Kilosa

Shemeji ameshuka stesheni jioni hii na treni ya SGR kutoka Dar es Salaam. Ameshika begi la nguo, vipande vya kuku vilivyobaki safarini, na betri ya pikipiki. Betri ilikuwa mfukoni mwa koti. Mara ya mwisho alipokuja alinikuta nashusha betri yangu kuipeleka kuchajiwa, akasikitika sana, akasema mtu mwenye akili zake hatembei na tofali. Nilidhani yameishia pale. Kumbe alikwenda Kariakoo.

Pikipiki yangu ni ya Kichina, cc 200. Niliinunua kwa mtu ambaye naye aliinunua kwa mtu. Betri yake ni ya maji, volti 12, ampea-saa 9, ile ambayo wenye maduka ya spea wanaijua kwa namba, 12N9. Tumezipima zote mbili kwenye mizani ya muuza mchele wa jirani. Ya zamani: kilo 3 na gramu 100. Mpya, ya lithiamu: gramu 600. Muuza mchele akauliza kama hiyo ya pili imeshatiwa kitu ndani.

Kwa hiyo pikipiki itapungua kilo mbili na nusu. Shemeji amesema nitaona.

Jumanne

Betri mpya imeingia kwenye kisanduku chake bila taabu, na nafasi ikabaki ya kuingiza nyingine pamoja na chakula cha mchana. Fundi alisema ikiachwa hivyo itagongagonga mpaka ipasuke. Akamtuma dogo wake akatafute kitu laini cha kujazia. Dogo amerudi na vipande vya ndala ya bluu, vimekatwa kwa ustadi kabisa, na betri imekaa imara.

Halafu ikaonekana kwamba chanya, ambayo kwenye ile ya zamani iko kulia, kwenye hii iko kushoto. Waya mwekundu haufiki. Fundi akauunga. Mweusi nao ukawa haufiki, akauunga pia. Skrubu za betri mpya ni ndogo, na moja ikaponyoka ikaingia ndani ya fremu. Tuliilaza pikipiki kulia, tukailaza kushoto, tukaitikisa. Zikatoka nati, punje za mahindi na sarafu ya shilingi 50. Skrubu haikutoka. Fundi akachagua nyingine kwenye kopo, akasema zinafanana.

Ilipoguswa kitufe, ikawaka papo hapo. Zamani selfu ilikuwa inafikiria kwanza. Watu wa kijiweni wakaja kutazama, mmoja akaomba aiwashe na yeye, kisha wa pili akaomba, wakaiwasha na kuizima mpaka fundi akasema jamani basi. Shemeji alisimama pembeni mikono nyuma, akipokea pongezi.

Jioni Mama mwenye nyumba ameuliza kama kuna mtu yeyote ameiona ndala yake ya kulia.

Jumatano, Kimamba

Nieleze kazi yangu, maana bila hivyo ya leo hayataeleweka. Mimi nachanja kuku. Kideri, ambacho wengine wanakiita mdondo, kinaweza kumaliza banda zima ndani ya siku chache, na kinapenda miezi hii ya kiangazi. Chanjo yake ninayotumia ni I-2, inayotengenezwa hapa hapa nchini, Kibaha: tone moja jichoni, baada ya miezi mitatu unarudia. Tone si shida. Shida ni kumpata mwenye jicho. Kuku wa kienyeji akishatoka bandani ni raia huru. Kwa hiyo tunawachanja alfajiri kabla hawajafunguliwa, au usiku wakishalala. Taa yangu ni ile kubwa ya pikipiki, nayo huwa naiwasha injini ikiwa imezimwa, kwa sababu kuku wakisikia mngurumo wanapanda ukuta. Fundi alishaihamishia taa kwenye betri siku nyingi kwa ajili hiyo.

Leo nilikuwa kwa bibi mmoja mwenye kuku wengi na banda lenye mlango wa kuinamia. Niliegesha pikipiki ikitazama mlangoni, nikawasha taa, nikaingia. Waliokwisha kupata tone niliwaweka kulia, wasiopata kushoto, katikati tukasimamisha kipande cha mkeka.

Taa ya wati 35 inakula ampea kama 3. Betri ya zamani ilikuwa inastahimili saa mbili na zaidi, na ikikaribia kuchoka mwanga unageuka njano pole pole, nami natoka kuwasha injini. Ilikuwa na adabu, inaaga. Hii ya lithiamu inashikilia volti zake 13 karibu mpaka mwisho, kisha kibao kidogo cha umeme kilichomo ndani yake kinakata ili isidhurike. Haidhuriki kweli. Nilikuwa nimemshika jogoo, tone limeshaning'inia kwenye ncha ya kichupa, kukawa giza. Jogoo alielewa kabla yangu.

Mkeka ulianguka. Sijui aliyeuangusha.

Bibi alikuja na tochi ya simu, akamulika banda zima, akamulika na mimi. “Sasa daktari, wa kulia ni wepi?”

Nikamwambia tuanze upya wote, chanjo hii kuku akipata tone la pili haimdhuru. Bibi akasema hana wasiwasi na kuku, ana wasiwasi na hesabu, maana mimi nalipwa kwa kuku. Tukakubaliana tuhesabu vichwa, matone tuyaache. Jogoo alipatikana jua likiwa limeshatoka, juu ya mwembe. Hakuchanjwa.

Pikipiki niliiwasha kwa kiki. Moto wa plagi hauitegemei betri, unatoka kwenye koili yake.

Nyumbani nimesoma maandishi madogo ubavuni mwa betri. Ile 9 kubwa inamaanisha kwamba katika kuwasha injini ina nguvu sawa na betri ya risasi ya ampea-saa 9. Umeme wenyewe uliomo ni ampea-saa 3. Nimemsomea shemeji. Amesema huko Ulaya ndivyo wanavyoandika.

Alhamisi

Shemeji amerudi Dar na treni ya asubuhi. Ametuachia baraka zake.

Mama mwenye nyumba amenunua ndala mpya. Ile ya zamani ya kushoto ameitundika kwenye msumari, karibu na mlango wangu. Hajasema kitu.

Ijumaa, njiani kwenda Mikumi

Kesho nina mteja Doma na leo jioni mmoja Mikumi mjini, kwa hiyo nimeondoka Kilosa mapema na kisanduku cha barafu nyuma. Barabara ya kwenda Mikumi ni vumbi na mitetemo. Nilijaribu kuzihisi zile kilo mbili na nusu. Kwenye kona moja nilidhani nimezihisi, lakini ulikuwa upepo.

Nilipofika kijiji cha Ulaya nikapiga honi kwa ajili ya mbuzi. Honi haikulia. Mbuzi hawakupisha. Nikasimama, nikazima, nikagusa kitufe cha selfu: kimya. Indiketa kimya. Nikafungua kava la pembeni. Skrubu inayofanana ilikuwa imejifungua kidogo kidogo kwa mtikisiko, waya mwekundu ukabaki unagusa pale unapojisikia.

Sikuwa na bisibisi. Nilimtumia ujumbe mteja wa Mikumi, mtumishi ambaye amehamia juzi juzi kutoka Mwanza: “Nimekwama Ulaya, nitachelewa.” Akajibu: “Hongera sana. Chanjo atakuja kufanya nani?”

Wazee waliokuwa chini ya mti walikuja kusaidia kutazama. Mmoja alinieleza kwamba vitu visivyolingana ni kawaida ya upande huu. Reli ya tawi inayotoka Kilosa ikapita Mikumi inaishia Kidatu, na pale Kidatu ndipo inapokutana na TAZARA. Ya kwetu ina upana wa milimita 1,000, ya TAZARA ni 1,067. Kwa ajili ya milimita 67 mzigo unashushwa kwenye behewa hili unapandishwa kwenye lile. Alikuwa anajua, alifanya kazi ya reli. Nikamwambia betri yangu imepungukiwa sentimita kadhaa. Akasema basi heri reli.

Skrubu niliikaza kwa ile sarafu ya shilingi 50. Inaenea kwenye mfereji wake vizuri kuliko bisibisi.

Jumamosi, Mikumi

Doma iko ng'ambo ya Hifadhi ya Mikumi. Hifadhi ilitangazwa mwaka 1964, ina kilomita za mraba 3,230, na barabara kuu ya kwenda Zambia inaipasua kwa kilomita kama 50. Mwenye kuku wa Doma alitaka nifike kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Nikatoka gesti saa kumi na nusu. Betri nilikuwa nimeilaza kwenye chaji usiku kucha ili isinifanyie ya Kimamba.

Barabara ndani ya hifadhi ina matuta mengi, na vibao vinavyokumbusha faini ya kila mnyama utakayemgonga. Havisemi mnyama akikugonga wewe. Niliheshimu matuta. Kati ya tuta na tuta nikavuta mafuta kidogo ili niwahi, na nikaanza kuona mambo. Indiketa niliyoiwasha kulipita lori ikawa inakonyeza kwa pupa. Honi ikapanda sauti. Taa kubwa ikawa nyeupe sana, nikaona mpaka majani ya mbali ambayo sijawahi kuyaona, nikafurahi. Kisha ikapasuka. Ya nyuma ikafuata, na ya dashibodi.

Nikasimama. Ndani ya hifadhi hairuhusiwi kushuka kwenye chombo cha usafiri. Kwenye pikipiki sijui kushuka kunaanzia wapi. Mguu mmoja ulikuwa chini tayari. Upande wa kushoto palikuwa na sehemu yenye giza kuliko giza lenyewe, na sehemu hiyo ilikuwa inakula. Nilisikia tawi likivunjwa bila haraka. Injini ilikuwa bado inaunguruma, nikaona si adabu kuizima.

Likapita lori refu la shaba, linaelekea bandarini. Nikalifuata nyuma, nikiongozwa na taa zake nyekundu. Dereva alidhani nina mpango na mzigo wake, akaongeza mwendo. Nami nikaongeza. Kwenye matuta tulikuwa tunapunguza wote wawili kwa wakati mmoja, akinitazama kwenye kioo.

Doma nimefika kumekucha. Mwenyeji alinipokea vizuri, akanipa chai. Alisema kuku wamengoja, wameona muda unapita, wakaenda zao. Nilichanja kuku mmoja, aliyekuwa anaatamia.

Mchana wakati wa kurudi nilisimamishwa na trafiki. Alikagua taa ya mbele, akazunguka akakagua ya nyuma, akaniomba niwashe indiketa. Tuliisubiri pamoja. Faini ya pikipiki ilishushwa mwaka 2021 kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000, kwa hiyo naweza kusema nimeokoa 20,000.

Jumapili, Mikumi

Nimeelekezwa kwa kijana mmoja aliyesomea VETA pale Mikumi. Nilimkuta anatoka kanisani, amevaa suti. Alivua koti, akalitundika kwenye mpini wa pikipiki yangu, akaleta mita.

Injini ikiwa imetulia: volti 13.9. Akaniambia nivute mafuta: 15.9. Akaniambia nirudie, akaguna. Betri ya aina hii mwisho wake ni 14.6.

“Regyuleta imekufa, mzee. Na haijafa leo.”

Alinieleza akiwa amechuchumaa, tai ameitupa begani isiguse grisi. Umeme unaotoka kwenye sumaku ya injini unapanda kadiri injini inavyokimbia, na kazi ya regyuleta ni kuuzuia usizidi kipimo. Yangu ilishaacha kuzuia siku nyingi. Betri ya risasi ikipewa umeme wa kuzidi inachemka, maji yake yanageuka gesi yanapotea, basi. Haipigi kelele. Ndiyo maana kila wakati nilikuwa naiongezea maji ya betri, nikidhani ni joto la Kilosa. Ile ya lithiamu haina maji ya kuchemsha. Ikizidishiwa, kile kibao chake cha ndani kinajitoa, na kikishajitoa, umeme wote unakwenda moja kwa moja kwenye globu. Kwa hiyo miaka yote hiyo globu zangu zilikuwa zinaishi nyuma ya mgongo wa zile kilo tatu.

Nilimuuliza kama betri mpya ina kasoro. Akasema hapana, ni betri nzuri sana, haikutaka kuonewa.

Regyuleta imepatikana, globu zimepatikana. Mita sasa inasoma 14.3 hata nikivuta mafuta mpaka majirani wafunge madirisha. Kijana amekataa kunywa soda yangu kwa sababu alikuwa anarudi kanisani kwa ibada ya pili, lakini hela ameichukua.

Usiku gesti nimesoma habari za betri kwenye simu. Ya risasi ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, na mpaka leo inawasha magari. Hii yangu, ya lithiamu yenye chuma na fosfeti, imetokana na kazi ya maabara ya John Goodenough kule Texas, miaka ya 1990. Huyu alipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019, yeye na wenzake wawili, kwa kazi ya betri za lithiamu. Alikuwa na miaka 97, hakuna aliyewahi kuipata akiwa mzee zaidi. Sijaona popote alipoulizwa habari za kuku.

Jumatatu, Kilosa

Pikipiki inawaka, honi inalia, indiketa inakonyeza kwa heshima. Lililobaki ni lile la Kimamba: ampea-saa 3 ni ampea-saa 3, hata regyuleta iwe mpya namna gani. Bandani nahitaji saa mbili. Nikaenda stoo kuichukua betri ya zamani niitumie kama taa. Haikuwepo.

Nikampigia shemeji. Akasema kabla hajaondoka aliona Mama mwenye nyumba hana raha kwa ajili ya ndala, na betri ile sisi tulikuwa hatuihitaji tena, akampa iwe pole. Akaongeza kwamba mtu ukikaa kwenye nyumba ya watu lazima ujue kuishi na watu.

Ni kweli ipo sebuleni kwa Mama, juu ya stuli, imewekewa kitambaa cha kufuma. Imeungwa na paneli ndogo ya sola iliyoko juu ya bati, inawasha taa na kitelevisheni cha volti 12. Nilibisha hodi, nikaamkia, nikaketi. Nikaanza na habari za mvua. Mama akasema mvua bado, sema shida yako.

Tumeelewana hivi. Naikodi kwa alfajiri, naichukua saa tisa usiku, nagonga dirisha la jikoni, siyo la chumbani. Nairudisha kabla ya saa nne asubuhi ili paneli iipe chaji. Maji ya betri nanunua mimi. Ikimwagika, kitambaa cha kufuma nalipa mimi, ingawa kitambaa hakisafiri.

Jumanne, Kimamba

Betri ya maji lazima ikae wima, kwa hiyo nimeifungia kwenye keria juu ya ubao, kwa mpira wa tairi, nyuma yake kisanduku cha barafu. Waya umepita chini ya kiti mpaka mbele. Bibi alimulika kwa tochi ya simu akauliza hilo sanduku ni la nini. Nikasema ni betri. Akauliza na ile ya siku ile. Nikasema na yenyewe ipo.

Mwanga ulidumu mpaka kuku wa mwisho, na ulipoanza kuwa njano tulikuwa tumeshafunga mlango. Jogoo wa mwembeni amepata tone lake, akanipiga ubawa usoni. Bibi alipoona betri bado ina uhai akaomba nichaji simu yake. Wakaja na majirani. Nimeondoka nikiwa nimechelewa, Mama amenipigia kuuliza kama jua la Kimamba ni tofauti na la Kilosa.

Muuza mchele ameomba tupime tena, kwa faida yake mwenyewe. Ya zamani kilo 3 na gramu 100, mpya gramu 600. Jumla kilo 3 na gramu 700, bila ubao, mipira na waya.

Kesho alfajiri nilikuwa niwe Rudewa. Mama amesema Jumatano hakodishi, kuna tamthilia ya Jumanne usiku inayorudiwa asubuhi. Kuku wa Rudewa nimewahamishia Alhamisi.